Konokono Arobaini wa Eliwaza

Nyinyi mlioletwa juzi kwenye chumba cha konokono, mlionipigia simu mkaniita "bibi yetu mstaafu" na kuniomba niwaandikie machache: kabla hamjaendelea kusoma, nendeni mkahesabu vikombe vilivyo rafuni. Nawangoja.

Mmerudi? Vingapi? Rudini tena mkahesabu upya. Mara ya kwanza mtu huhesabu anachokitarajia. Mara ya pili ndipo huhesabu kilichopo. Kwa hilo tu niliitwa Bi Rudia miaka kumi na mmoja, na jina langu la Zuhura likabaki la kitambulisho na la wakwe.

Konokono sikuwasomea. Mimi nilikuwa muuza nyanya. Nilikuwa na genge langu Makorora, mbele ya nyumba, na kama hamjauza nyanya mtadhani ni kazi ya kukaa. Fungu la nyanya ni elimu. Tatu kubwa kidogo chini, ya wastani inaziba pengo, na ile yenye sura nzuri juu, imegeuzwa jeraha lake litazame ukutani. Mchana kutwa jicho linapima: hii na hii si sawa, hii imeizidi ile kwa unene wa ukucha. Ukikosea, mteja hakwambii, anakwenda genge la pili.

Mteja mmoja alikuwa akiniambia. Mzee Semboja, Mbondei wa Muheza, mfupi, mwenye mwavuli jua na mvua. Alikuwa akisimama mbele ya mafungu yangu kama hakimu. Siku moja akaniuliza, "Mama, fungu hili na lile, lipi kubwa?"

"Sawasawa."

"Nayaona sawasawa. Nakuuliza wewe."

"La kulia limezidi. Ile ya juu ina tumbo."

Akatoa mfukoni kalipa, kile kipimo cha chuma chenye taya mbili, akaipima nyanya yangu mbele ya watu. Akapima ya pili. Akakifuta kipimo kwa leso, akasema, "Kituo chetu cha utafiti kina kazi ya kupima konokono. Vijana wanaoletwa wanapima vizuri, lakini hawaoni. Njoo."

Nikamwuliza konokono wa nini. Akasema wa kichocho, wale wadogo wa madimbwini wanaobeba ule ugonjwa. Nilikuwa na jibu la mzaha mdomoni, nikalimeza. Mwanangu wa pili alipokuwa na miaka tisa alinionyesha mkojo wake kwenye kopo, mwekundu, akiwa anatabasamu kwa kuwa wenziwe wote wa dimbwini walikuwa nao na yeye amechelewa. Nikamwambia Mzee nitakuja, ila nipewe buti za mpira kabla sijaweka sahihi. Akasema buti huja baada ya sahihi. Tulivutana siku mbili. Niliweka sahihi nikiwa nimezivaa.

Mtaani habari ilienea kwa namna yake. Jirani yangu Mwanahamisi alinijia na kikapu chake hata kabla sijavua hizo buti.

"Zuhura, ati umeajiriwa kulea konokono?"

"Ndiyo."

"Wa kuliwa?"

"Wa kutazamwa."

"Kwani wanafanya nini cha kutazamwa?"

Nikamweleza kama nilivyoelezwa. Na hapa, wanangu, lazima nirudi nyuma niwasimulie jinsi Mzee Semboja alivyonieleza, maana alikuwa mtu wa haya, na somo lenyewe halina haya hata kidogo.

Alisimama akitazama dirishani, mikono nyuma. "Bi Zuhura, hawa viumbe, kila mmoja ni bwana, na huyo huyo ni bibi."

"Kwa zamu?"

"Kwa zamu. Akiwa peke yake kabisa, wapo wanaojitosheleza, anataga na mayai yanaanguliwa. Lakini wakikutana wawili, mmoja humpanda mwenziwe. Anayepanda ndiye bwana kwa saa hiyo. Baadaye wanaweza kubadilishana."

"Na nani anaamua nani aanze?"

Akakohoa. "Mwili, kwa sehemu kubwa. Mdogo hupenda kazi ya juu. Mkubwa huangukiwa na kazi ya chini."

"Kwa nini?"

"Mayai yanahitaji mwili. Mkubwa ana nafasi ya mayai mengi, kwa hiyo ndiye anayetafutwa. Mbegu za kiume ni nyepesi, hata mdogo anazimudu."

Hapo nikaelewa vizuri kuliko alivyotegemea. Mwenye ghala anakaa dukani, mwenye sinia anatembeza. Nikamwuliza, "Na mkubwa asipotaka?"

"Hutikisa gamba mpaka yule wa juu aanguke."

"Hapo nimewajua," nikasema. "Marehemu mume wangu alianguka mara nyingi."

Mzee aliufungua mwavuli humo humo chumbani.

Ndiyo maana mpaka leo daftari za chumba kile zina safu mbili zilizoandikwa JUU na CHINI. Wageni hudhani ni rafu. Ni haya ya Mzee Semboja.

Basi nilipomweleza Mwanahamisi, akafikiri kidogo, akasema, "Kwa hiyo mwanamume ni yule mdogo?"

"Mara nyingi."

"Na mpaka mpate kalipa ndiyo mkalijua hilo? Mtaa huu tunalijua siku zote." Akachukua kikapu chake akaenda zake.

Sasa niwaletee kosa langu, kwa kuwa najua ndilo mlilolipigia simu. Nilikuwa na miezi mitatu tu kazini. Ndipo chuo kimoja kilipotuletea mwanafunzi aitwaye Eliwaza, binti wa Kipare, baba yake mkata mkonge aliyeshuka kutoka milimani zamani akabaki kambini. Msichana mwembamba, mpole, akiingia anaamkia mpaka konokono. Alikuwa na kazi moja ya kumaliza shahada yake: kuonyesha kama kweli mdogo ndiye anayekwenda juu. Mwaka uliotangulia alishajaribu mahali pengine, konokono wake wakafa wote kwa maji ya bomba yenye dawa. Mkiyatia maji ya bomba leo bila kuyaacha wazi siku mbili, mjue mnafukua kaburi la konokono wa kwanza wa Eliwaza. Mvua ni bora. Mzee alikuwa na mapipa matatu chini ya mchirizi, hakuna aliyeruhusiwa kunawa humo hata mkuu wa kituo.

Chuo kilikuwa kimempa muda wa mwisho. Akishindwa na safari hii, basi. Baba yake naye alishamwambia hana nguvu ya mwaka mwingine. Kwa mjomba wake Korogwe kulikuwa na duka la misumari na mabati, na kiti nyuma ya kaunta kilikuwa kinamngoja. Alinieleza hayo akiwa anachemsha majani ya saladi ya konokono, bila kulia, kama mtu anayesoma kibao cha njiani.

Aliwalea konokono arobaini tangu yai. Kila mmoja na kikombe chake cha plastiki, kila kikombe na namba, pasiwe na mmoja aliyewahi kumgusa mwenziwe. Ishirini walitangulia kuanguliwa, wakawa wakubwa kama ukucha wa kidole gumba. Ishirini walifuata, kama punje ya kunde, lakini wamekomaa. Siku ikifika, angemweka mkubwa mmoja na mdogo mmoja kwenye glasi, akae atazame nani anapanda. Jozi ishirini. Miezi minne ya kulea kwa ajili ya siku chache za kutazama.

Ijumaa moja akaenda kambini, mdogo wake alikuwa anapata kipaimara Jumapili. Akaniachia chumba. "Bi Zuhura, kila mmoja na kikombe chake."

"Kila mmoja na kikombe chake," nikamjibu.

Jumamosi asubuhi mkuu wa kituo akanijia mbio: kuna wageni, chumba kipendeze. Mzee Semboja alikuwa nje anahangaika na mapipa yake. Nikavitazama vile vikombe arobaini, vina ukungu wa kijani, konokono hawaonekani. Nikajisemea, Zuhura, bidhaa ikifichwa nani ataijua? Nikachukua trei nyeupe ya enameli, nikatia maji kidogo, nikawapanga. Mafungu ya tano tano. Ya wakubwa manne mbele, ya wadogo manne nyuma, kwa mfuatano wa namba zao, ili nikirudisha nijue fungu la kwanza ni moja mpaka tano, la pili sita mpaka kumi. Nilihesabu mara mbili. Arobaini. Palipendeza wallahi. Nikavipeleka vikombe kuoshwa, na kwa kuwa wageni walichelewa, nikanywa chai na mbaazi.

Miaka kumi na sita nilipanga mafungu asubuhi nikayakuta adhuhuri palepale nilipoyaacha. Nyanya haitembei. Somo la bidhaa inayotembea sikuwa nimewahi kulihitaji.

Niliporudi hapakuwa na mafungu. Mkubwa alikuwa juu ya mkubwa, mdogo juu ya mkubwa, na pembeni walikuwapo wanne wamepandana mstari mmoja, kila mmoja bwana wa aliye mbele na bibi wa aliye nyuma, kama foleni ya mafuta ya taa. Waliolelewa peke yao tangu yai walikuwa wanafidia yote kwa mpigo. Nikahesabu: thelathini na tisa. Nikarudia: arobaini, mmoja alikuwa chini kabisa hapumui kwa heshima aliyopewa.

Wageni walikuja, wakasimama mlangoni, mmoja akauliza kama feni inafanya kazi, wakaondoka.

Nikawatenganisha. Wakubwa ishirini kwenye vikombe vya wakubwa, wadogo ishirini kwenye vya wadogo. Nani alikuwa namba ngapi, Mungu ndiye ajuaye. Na sasa niwaambie jambo la kishetani ambalo mtu wa soko huliona upesi. Nilikumbuka maneno ya Mzee: aliye peke yake naye hutaga. Kwa hiyo hata yakionekana mayai ukutani mwa vikombe, ule utando wa maji maji wenye nukta, hakuna atakayeshangaa. Idadi ipo. Ukubwa upo. Namba zipo. Dhambi yangu haikuwa na alama hata moja. Nikavipanga vikombe, nikafunga mlango, nikaenda nyumbani nikala vizuri tu.

Jumatatu Eliwaza akarudi na kipande cha keki ya kipaimara kwenye leso, cha kwangu. Akaanza jozi ya kwanza. Tukakaa, yeye na daftari, mimi na saa. Mdogo akazunguka glasi, akamfikia mkubwa, akampita, akaenda kula jani. Jozi ya pili, mkubwa akampanda mdogo. Jozi ya tatu, kila mmoja na upande wake kama watu waliogombana msibani. Ya nne, hakuna. Ya tano, hakuna. Mzee Semboja akachungulia, akasema, "Waliokaa peke yao namna hii huwa na hamu. Hawa mbona wana shibe?"

Nilikuwa najifuta mikono mikavu.

Eliwaza akaifunga kalamu. Akatoka nje kwenye mapipa, nikamsikia akizungumza na baba yake kwa simu, Kipare, lakini neno Korogwe ni Korogwe kwa lugha zote. Akarudi. "Bi Zuhura, nadhani mimi sina mkono wa kazi hii. Wa kwanza niliwaua, hawa nimewalea vibaya."

Mambo mawili yalikuwa mkononi mwangu: mkataba wangu wa kudumu uliokuwa ukingoja sahihi mwezi ule, na ile keki, ambayo nilikuwa nimeila nusu. Nilipima. Nikapima tena.

"Si wewe," nikasema. "Ni mimi. Jumamosi niliwapanga mafungu."

"Mafungu ya nini?"

"Ya tano tano. Kwenye trei. Nikaenda kunywa chai."

Akaigeukia rafu ya vikombe. "Wote?"

"Wote. Arobaini. Nilihesabu mara mbili."

Mzee Semboja alikaa kwenye kiti kisicho chake. Hakufoka, laiti angefoka. Aliuliza tu, "Wakafanya nini?"

"Mzee, wakafanya yote. Juu, chini na katikati."

Eliwaza akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika rafu, kisha kile kicheko kikageuka kilio bila kubadilisha sauti.

Mzee ndiye aliyetuamsha. Kulea wengine tangu yai haiwezekani, alisema, zimebaki wiki nne. Lakini tukipata wa dimbwini waliokomaa, tukawatenga kila mmoja peke yake siku nane, hamu ya kazi ya juu huwarudia. Hawatakuwa safi kama wale, na daftarini itaandikwa hivyo waziwazi. Tatizo ni wapi. Msimu ule madimbwi ya karibu yalikuwa yamekauka. Mahali palipokuwa na maji na konokono wa kutosha ni majaruba ya Bwana Hamadi, bondeni, njia ya Pangani, na Bwana Hamadi alishawafukuza watu wa kituo kwa jembe, kwa sababu timu moja iliyotangulia ilimvunjia kingo za mpunga wake.

"Atakukataa," Mzee akaniambia.

"Mzee, mimi nimeuza nyanya mbovu mwezi wa Ramadhani."

Bwana Hamadi alikuwa Mpemba aliyeoa huku akabaki, mrefu, kofia ya kiua, anaongea kama mtu aliyekuwa na siku nzima. Tulimkuta ukingoni, mimi na Eliwaza, buti mpaka magotini na glavu mpaka viwikoni. Msiingie maji yale bila hivyo, hata kama ni hatua moja, hata kama mmeangusha simu.

Eliwaza akaamkia, "Shikamoo babu."

"Marahaba. Mwataka nini shambani kwangu?"

"Konokono," nikasema.

"Wa nini?"

"Wa kutazama."

"Kwenu hakuna vya kutazama?"

"Vilikuwapo, vimekwisha."

Akanitazama juu mpaka chini. "Siuzi."

"Sinunui."

"Basi hapana."

"Tubadilishane."

"Mna nini nyie cha kubadilisha?"

"Mikono minne. Naona miche yako imepita siku za kupandikizwa na majaruba matano hayajaguswa."

Akageuka kuyatazama kana kwamba nimemwonyesha kitu kipya. "Mikono minne. Hiyo miwili naiona ni ya kalamu."

"Ni ya kalamu, lakini baba yake ni mkata mkonge."

"Majaruba matano."

"Moja."

"Mama wee, kwa moja ntawapa konokono mmoja na umpige picha."

"Mawili na nusu."

"Nusu jaruba hupandikizwa vipi?"

"Kwa kuliacha nusu."

Alicheka, na mteja akicheka umeshamshika. Tukakubaliana majaruba matatu kwa konokono sitini, na tusikanyage kingo. Tulipandikiza siku nzima. Eliwaza alikuwa na mkono mwepesi kunishinda, mimi mgongo wangu ulikuwa unapiga kelele kila mche. Alasiri tukachukua chujio zetu za jikoni zilizofungwa kwenye fimbo, tukachota kwenye majani, tukawatoa kwa kibano, tukawaweka kwenye ndoo yenye majani mabichi. Nikahesabu sitini. Nikarudia, sitini.

Bwana Hamadi alikuwa amesimama ukingoni muda wote. Akasema, "Sitini na mmoja."

"Sitini. Nimehesabu mara mbili."

"Mi nimehesabu mara tatu."

Tukawamwaga kwenye trei. Walikuwa sitini na mmoja. Mmoja mkubwa ajabu, gamba lake kama kokwa la ukwaju, alikuwa amejibandika nyuma ya jani. Maishani mwangu sijawahi kukamatwa hesabu na mtu, na sijaona haya namna ile tangu niolewe.

"Mrejeshe," akasema. "Wa watu huyo."

Eliwaza ndiye aliyemwuliza, taratibu, kama anajua konokono hawa wanabeba nini. Akamweleza. Mzee yule akavua kofia, akaikunja. Alikuwa na mjukuu, alisema, mwana wa bintiye, anashinda majini huku akikamata vyura, na wiki hizi analalamika akenda haja ndogo. Walidhani ni joto. Eliwaza akamwambia ampeleke zahanati kesho asubuhi, si kesho kutwa, kuna vidonge. Akamtajia na dalili, akazirudia mara mbili. Nilifurahi kusikia hivyo.

Bwana Hamadi akaivaa kofia. "Huyo mkubwa mchukueni. Na mkitaka wengine, rudini, ila njooni na mikono."

Kwa hiyo yule konokono tukamwita Hamadi.

Siku nane tuliwatenga. Safari hii hatukutegemea namba za vikombe peke yake. Nilikwenda duka la vipodozi nikanunua rangi za kucha nane, nyekundu, buluu, dhahabu, kila aina. Muuzaji akaniuliza, "Bibi, kuna harusi?" Nikamwambia, zipo ishirini. Tone moja juu ya gamba kwa ncha ya njiti, gamba likiwa limefutwa maji, lisubiri likauke kabla hujamrudisha. Nyinyi leo mna lebo ndogo ndogo za gundi na simu inayorekodi saa nne mfululizo. Vizuri. Ila rangi ya kucha ilikaa miezi, na lebo hizo nilikuwa nazikuta sakafuni kabla sijastaafu.

Nilichagua jozi kwa jicho. Mzee akanifuata nyuma na kalipa. Mara mbili tu alinirudisha, na ya pili nadhani alikuwa anajifurahisha.

Halafu tukaanza kutazama, kila siku jozi mbili, mchana, kwenye mwanga wa dirisha. Na walifanya, wanangu. Mdogo anakuja kutoka nyuma, anapanda gamba la mkubwa, anazunguka kinyumenyume mpaka anapata mahali pake, na mkubwa anaendelea kula jani kama mtu anayesukwa nywele. Si wote. Jozi chache mkubwa alitangulia juu, na jozi moja walibadilishana mbele ya macho yetu, Mzee akaenda kuangalia mvua. Lakini wengi wadogo walikwenda juu, na safu za daftari zilijaa, na Eliwaza alianza kuimba nyimbo za kipaimara kwa sauti ya chini.

Ikabaki jozi ya ishirini, siku ya mwisho. Hamadi, mwenye tone la dhahabu, na mdogo mwenye tone jekundu.

Mwekundu akapanda. Hamadi akatikisa gamba, kulia, kushoto, mwekundu akaanguka chali. Akajipindua, akapanda tena. Akaangushwa. Mara ya tatu alifika mpaka mahali penyewe, tukashika pumzi sote watatu, Hamadi akaligonga gamba lake kwenye kioo, mwekundu chini. Akakaa kidogo. Kisha akaenda kula jani. Hamadi naye akala upande wa pili. Saa mbili zikapita. Ya tatu ikapita.

Eliwaza alikuwa ameshika kalamu juu ya safu ya JUU. Basi la chuo lilikuwa la kesho alfajiri. "Alipanda," akasema bila kunitazama. "Mara tatu. Nikiandika mdogo juu, si uongo."

"Alipanda. Hakukubaliwa."

"Ikiwa ishirini inakaa vizuri, Bi Zuhura. Kumi na tisa wataniuliza. Na nani atajua?"

Swali hilo nililifahamu. Nililiuliza mwenyewe Jumamosi ile, kwa maneno yale yale, nikiwa nimeshika vikombe. "Nitajua mimi," nikamwambia. "Tayari nilishajua moja peke yangu siku mbili. Keki yako haikushuka."

Mzee Semboja akavuta daftari polepole, akachukua rula, akachora mstari, safu ya tatu, mpya kabisa, akaiandika kwa herufi zake za kizamani: HAKUNA. Eliwaza akaweka alama. Ilikuwa alama ya pekee kwenye safu nzima.

Mwezi ule mkataba wangu wa kudumu haukusainiwa. Mzee alimweleza mkuu wa kituo yaliyotokea, neno kwa neno, na nilikaa kibarua mwaka mzima zaidi. Sikubishana, na mnajua mimi nabishana hata na mizani.

Baada ya miezi Eliwaza alikuja mwenyewe, kavaa viatu vya kisigino, akaniamkia mimi kwanza kisha konokono. Alikuwa amefaulu. Alisema wale waliomhoji walimwuliza mambo mawili tu. La kwanza, lile la konokono arobaini. La pili, jozi ya ishirini: kwa nini hakuna?

"Ukawajibu nini?"

"Niliwaambia Hamadi hakutaka. Wakasema andika hivyo hivyo kwa lugha ya kitaalamu."

Akanipa kitabu chake, kimejalidiwa buluu, jina lake kwa dhahabu. Nilikipitishia kidole mstari kwa mstari mpaka magharibi. Jina langu limo mara mbili. Mara moja mwanzoni, kwenye shukrani, kwa jicho la kupima. Mara moja katikati, ukurasa wa makosa, na trei, na mafungu manane, na chai.

Nililihesabu tena kesho yake asubuhi. Mara mbili.